Mgonga Taulo

Kwa miaka ishirini na miwili Mzee Taulo hakuwahi kukosa fainali za taifa za mieleka ya vyuo. Alisimama karibu kuliko mtu yeyote, ukiwatoa wale wawili wanaoshikana na mwamuzi wao, na hakuwa ameona hata fainali moja ikiisha. Watu walidhani anatania. Wala hakuwa anatania, ndivyo kazi yenyewe ilivyokuwa.

Kazi ni hii. Mmoja akishapigwa mweleka akalala chali, mwamuzi naye hujitupa kifudifudi, shavu linakaribia kugusa mkeka, achungulie kama mabega yote mawili yamefika chini. Yakifika na kutulia, anapiga mkeka kwa kiganja na mchezo umekwisha hapo hapo, hata kama ubao wa alama ulikuwa unasema mengine. Sasa mtu aliyelala hivyo, huku maelfu wanapiga kelele, saa haioni na king'ora cha kumaliza muda hakisikii. Ndipo anapotakiwa mtu mwenye taulo lililoviringishwa na kukazwa kwa plasta nyeupe mpaka likawa gumu. Zikibaki sekunde kumi anaingia kwenye mkeka, anasimama nyuma ya mwamuzi na kukodolea macho saa ya ukutani. Ikisoma sifuri, anamgonga mwamuzi mgongoni. Basi. Mkewe alizoea kusema kwamba hata mtoto wa darasa la tatu angeiweza kazi hiyo, ila mtoto wa darasa la tatu angeangalia mieleka.

Yeye hakuangalia. Siku za kawaida alikuwa fundi wa maabara ya chuo, mtu wa kuhesabu matone, na saa aliiheshimu kuliko alivyowaheshimu baadhi ya wakubwa zake. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kulalamika kuwa taulo lake liliwahi au lilichelewa.

Mwaka huu moyo wake haukutulia, kwa sababu ya Kitasa. Kitasa ni mtoto wa dada yake. Baba yake alifariki mtoto ana miaka tisa, mama na mwana wakahamia kwa mjomba, na mjomba, asiyejua amfanyie nini mtoto asiyesema wala asiyelia, akampeleka kwenye ukumbi wa mieleka. Huko ndiko alikopewa jina hilo: akishakukamata hufunguki. Sasa alikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwaka wa mwisho chuoni, uzito wa kilo sabini na nne. Mwaka jana alishika nafasi ya pili. Hii ilikuwa nafasi yake ya mwisho kuwa bingwa, na wote nyumbani walilijua hilo kiasi kwamba hakuna aliyelitaja.

Asubuhi ya fainali walikaa pamoja kwenye benchi nje ya chumba cha mizani. Kitasa alikuwa amejifunga shuka, midomo imemkauka, maana hakuwa amekunywa maji tangu jana mchana.

"Mjomba, nikuulize kitu?"

"Uliza."

"Umewahi kuniona nikimlaza mtu?"

Mzee Taulo akacheka kidogo. "Swali gani hilo? Mimi si niko pale pale kila siku?"

"Upo, ndiyo. Lakini unaangalia saa." Kitasa alisema bila hasira, akitazama vidole vyake vya miguu. "Watu wote ukumbini wananiona. Muuza karanga ananiona. Wewe uliyenileta huku hujawahi. Leo ndiyo mwisho, mjomba. Niangalie leo."

Mzee Taulo akainuka, akaenda moja kwa moja kwa mkuu wa waamuzi, mama mmoja mwenye miwani ya kuning'inia shingoni, mkali lakini mwenye haki.

"Mama, fainali ya sabini na nne ni ya mpwa wangu. Nakuomba uweke mtu mwingine ashike taulo."

"Mwingine yupi, mzee wangu? Mwenzako kalala na homa, na huyu mgeni jana kamgonga refa kichwani." Akaivaa miwani amtazame vizuri. "Halafu wewe humhukumu mtu. Taulo halitoi alama. Simama mahali pako, fanya ulivyozoea."

Akarudi kwenye benchi, na bahati nzuri Kitasa alikuwa ameshaitwa kupimwa uzito.

Fainali ilianza saa tisa alasiri, na kusema kweli ilianza vibaya. Mpinzani alikuwa bingwa wa mwaka jana, kijana mnene wa shingo ambaye mashabiki walimwita Gogo. Alimwangusha Kitasa mara moja, mara mbili, akamzungusha, akamwangusha tena. Ilipofika dakika ya mwisho ubao ulisoma kumi na mbili kwa tatu. Dada yake Mzee Taulo, ambaye hakuwahi kukanyaga ukumbini maana aliogopa kuona mwanawe akiumizwa, leo alikuwa amekuja, na alikuwa amejifunika uso kwa mtandio. Alama tisa hazifidiki kwa dakika moja. Kilichobaki ni kumlaza Gogo mabega yote mawili, jambo ambalo hakuna aliyelifanya tangu Gogo aanze chuo.

Zikiwa zimebaki sekunde kumi na saba, Gogo akajisahau. Alishajiona bingwa, akasimama wima mno, na Kitasa akapenya chini ya kwapa lake, akamkamata kiuno, akamrusha. Ukumbi mzima ukainuka. Kelele zilizofuata Mzee Taulo alizisikia mpaka kwenye nyayo. Gogo alikuwa chali, kajiinua kwa kisogo na visigino, bega la kushoto limegusa, la kulia bado. Mwamuzi akajitupa chini.

Kumi. Mzee Taulo akaingia kwenye mkeka, akasimama nyuma ya mwamuzi, macho kwenye saa. Akaiona tisa. Akaiona nane.

Hapo Kitasa akatoa sauti. Haikuwa kelele, ilikuwa mguno mdogo wa ndani, ule ule aliokuwa akiutoa akiwa mtoto akijaribu kuinua ndoo iliyomzidi nguvu, hataki kusaidiwa. Mzee Taulo akashusha macho.

Akamwona. Sikio lilikuwa linavuja damu, jicho moja limefumba, na kwenye paji la uso umesimama mshipa wa marehemu shemeji yake. Aliona mkono wa Kitasa ukiachia shingo ya Gogo, kitu cha hatari kabisa, ukateleza mpaka kwenye kiwiko na kukivuta. Aliona goti likisogea, sentimita kwa sentimita, na bega la Gogo likishuka. Yeye aliyezunguka na mieleka tangu ujana alikuwa hajawahi kuona kitu kizuri namna ile, na alikuwa ameshasahau kama ameshika taulo.

King'ora kililia. Alikisikia kwa mbali, kama hodi inayopigwa kwa jirani. Bega la Gogo lilikuwa bado juu. Kati yake na mkeka palikuwa na uwazi wa kidole kimoja, aliuona wazi. Kisha Kitasa akasukuma tena, bega likatua, mwamuzi akapiga mkeka kwa kiganja, na baada ya hapo ndipo mkono wa Mzee Taulo ulipokumbuka kazi yake ukamgonga mwamuzi mgongoni.

Ukumbi ukalipuka. Kitasa alipiga magoti, mikono usoni. Huko juu mama yake alikuwa amepanda juu ya kiti, yeye mwenye magoti mabovu, anapunga mtandio na kulia. Lakini kocha wa Gogo alikuwa ameshafika mezani, anaipiga meza kwa ngumi, muda uliisha, muda uliisha.

Mkuu wa waamuzi akawaita wahusika. Binti mtunza saa akasema king'ora kililia kwenye sifuri kama kawaida, kiko chini ya meza yake, ila mkono wa refa hakuuona kwa kuwa alikuwa anaangalia saa. Kamera ilikuwa moja tu, na ilionyesha mgongo mpana wa Mzee Taulo umeziba kila kitu. Mwamuzi, mtu mfupi ambaye siku za kazi hutengeneza mafriji, akafuta jasho.

"Mimi nilipopiga mkeka taulo lilikuwa halijanigusa," alisema. "Na huyu mzee hachelewi. Nimefanya naye kazi miaka minane, hajawahi kuchelewa."

"Basi tumalize," mkuu wa waamuzi akasema, akamgeukia Mzee Taulo. "Mzee wangu, uligonga kwa wakati?"

Neno lililotakiwa lilikuwa moja, tena fupi. Hakuna aliyemshuku. Hata kocha wa Gogo alikuwa ameanza kupoa, maana naye alimfahamu Mzee Taulo na alijua akisema imetosha. Mzee alitazama taulo mkononi. Akamtazama Kitasa aliyekuwa amesimama katikati ya mkeka akisubiri mkono wake uinuliwe, na mapenzi yakamjaa kifuani mpaka yakamuuma. Alitamani mtu mwingine yeyote aulizwe.

"Nilichelewa," akasema.

Mkuu wa waamuzi akashika kalamu.

"Kwa kiasi gani?"

"King'ora kililia bega la kulia likiwa juu. Niliona kwa macho yangu."

"Uliona vipi? Wewe si unaangalia saa?"

"Leo sikuangalia saa, mama."

Mkuu wa waamuzi alivua miwani, akaivaa tena, akaandika. Kitasa aliongezewa alama za kumrusha na kumgeuza Gogo, na hazikusaidia kitu: kumi na mbili kwa nane. Mwamuzi akainua mkono wa Gogo, na Gogo mwenyewe hakujua acheke au afanyeje. Kitasa alimpa mkono, akampa mkono na kocha wake, akamtazama mjomba mara moja tu, akashuka kwenye mkeka.

"Mzee, kapumzike," mkuu wa waamuzi alisema kwa upole. "Fainali zilizobaki nitajua la kufanya."

Alielewa. Miaka ishirini na miwili ilikuwa imefika mwisho, na hakuona cha kubisha.

Dada yake alimkuta kwenye ngazi. Mtandio ulikuwa begani, uso haukuwa na chozi tena.

"Kaka, mtoto umemlea kwa mikono yako. Hakuna aliyekutaka udanganye mtu. Ungesema tu hujui. Kusema hujui nako kunakushinda?"

Hilo la kusema hajui halikuwa limemjia kabisa. Dada yake akapita, akaenda kumsubiri mwanawe nje juani.

Chumba cha kubadilishia nguo kilinuka dawa ya kuchua na soksi. Kitasa alikuwa amekaa peke yake mwisho wa benchi, kiatu kimoja kimevuliwa, kingine kimefunguliwa kamba tu. Pamba ilikuwa imechomekwa sikioni. Mzee Taulo akakaa, akiacha nafasi ya mtu mmoja katikati, taulo kaliweka magotini.

Mtu aliingia, akawaona, akatoka.

"Miaka ishirini na miwili," Kitasa akasema hatimaye. "Unawagongea watu wote kwa wakati. Watu usiowajua hata majina. Mimi ndiyo unichelewee, halafu mimi ndiyo unisemee ukweli. Kwa nini, mjomba? Ulikuwa unafanya nini pale?"

"Nilikuwa nakuangalia."

Kitasa akageuza shingo.

"Uliniambia nikuangalie," mzee akasema. "Nilikuwa nimekusudia kuangalia saa, nakuapia. Niliiona mpaka nane. Halafu ukaguna vile unavyoguna, macho yakashuka yenyewe, na sikuweza tena kuyapandisha. Nisamehe, baba. Kama ningekuwa naangalia saa usingepata hata hiyo nusu dakika ya kujiona bingwa. Na kama nisingekuwa nimekuona, nisingejua kwamba bega lilikuwa juu."

"Lilikuwa juu kiasi gani?"

"Kidole kimoja."

Kitasa alikitazama kidole ambacho mjomba wake alikuwa amekiinua. Yeye ndiye aliyekuwa amelishika lile bega, na kifua chake mwenyewe kilikuwa juu yake. Akatikisa kichwa taratibu, kwa kukubali.

"Nilikisikia king'ora kwa mbali," akasema. "Refa hakunisimamisha, nikaendelea kusukuma. Pale mezani walipokuita nikawa naomba Mungu useme ndiyo." Akavua kiatu cha pili. "Na nikawa naogopa utasema ndiyo."

Akanyoosha mkono akalichukua taulo. Akatafuta ncha ya plasta kwa ukucha, akaibandua, akaanza kuizungusha, mzunguko baada ya mzunguko, plasta ikirundikana sakafuni kati ya miguu yao. Ilichukua muda, maana mzee alikuwa ameikaza vizuri. Mwishowe likabaki taulo tu, jeupe, limejikunjakunja. Kitasa akajifuta uso nalo, akajifunika kichwa chote, na mabega yake makubwa yakaanza kutetemeka. Mzee Taulo akasogea akaijaza ile nafasi ya katikati. Alimshika mgongo tu, akasubiri bila kuhesabu.

Mabega yalipotulia, Kitasa hakulitoa taulo kichwani.

"Haya," akasema kutoka humo ndani. "Nieleze ulivyoniona. Anzia kwenye nane."