Mtoto Aliyefuta Majibu Sahihi

Wenzake walimwita Kifutio, na jina hilo hakupewa na mama yake mzazi. Alilipata darasa la nne kwa kazi ya mikono yake mwenyewe. Kifutio chake alikitoboa, akakitia uzi, akakivaa shingoni kama kidani, nacho kilikuwa kimelika hadi kubaki kama punje ya hindi. Kurasa za daftari lake la hesabu zilisuguliwa hata zikatoboka. Ukiinua moja kwenye mwanga, unaonana na jirani yako wa dawati la pili.

Mwalimu wake wa hesabu, mwanamke wa sauti ya taratibu na vidole visivyoishiwa chaki, alimpenda, lakini mapenzi hayampandishi mtu darasa. Jumatatu asubuhi mwalimu mkuu alimsimamisha mlangoni.

"Yule mtoto wako wa kufutafuta. Sijaona kwake hesabu moja iliyofika mwisho. Ijumaa nitakuja nimpime mwenyewe. Akishindwa, muhula ujao arudi darasa la tatu akatafute msingi."

"Darasa la tatu ndimo alimo mdogo wake, mwalimu mkuu."

"Basi watasaidiana."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haraka tu, viatu vyake vilisikika kabla yeye hajaonekana, na akishasema jambo huwa keshafika kwenye jambo jingine.

Maneno yana miguu. Wakati wa mapumziko, yule mdogo wake akamfuata dada yake uwanjani, mbele ya kadamnasi. "Usijali, dada, nitakusogezea nafasi kwenye dawati langu. Ila ukininakili nitasema." Watoto wakacheka. Kifutio naye akacheka, kisha akaenda nyuma ya tangi la maji akakaa huko hadi kengele ikalia.

Kipindi kilichofuata mwalimu aliandika ubaoni: uzio ulionyooka una urefu wa mita ishirini, na nguzo zinasimama kila baada ya mita mbili, kutoka mwanzo hadi mwisho. Nguzo ni ngapi? Akaanza kupita katikati ya madawati, mikono nyuma. Kumi. Kumi. Kumi. Darasa zima lilikuwa limegawanya ishirini kwa mbili, likaweka penseli chini, likakunja mikono. Alipofika kwa Kifutio akakuta kumi na moja, imeandikwa kwa mkono mwembamba uliokaza. Moyo ukamruka kwa furaha.

"Umejuaje?"

Mkono wa mtoto ukaenda shingoni. Akafuta. Akaandika kumi.

"Mbona umefuta?"

Akafuta tena. Akaandika tisa.

"Kifutio anashuka ngazi," akasema mvulana wa dawati la mbele, aliyejipachika mwenyewe jina la Profesa.

Mwalimu akasogea dawati jingine. Aliogopa akiuliza mara ya tatu mtoto atafika sifuri.

Jioni ile alimkuta mumewe, fundi seremala, amemaliza kufunga rafu ya jikoni, ile iliyoombwa hadi mwombaji akasahau kuomba. Maana ndivyo ilivyo, kwa seremala ndiko viti huchechemea. Mwalimu akatua juu yake glasi ya maji, maji yakatulia bila kuelemea upande wowote. Rafu ilinyooka kuliko sakafu yenyewe.

"Umeipimaje hii?" akauliza, kwa kuipenda.

Mume akashusha pumzi, akaiondoa glasi, akachukua bisibisi, akaanza kufungua skrubu.

"Unafanya nini?"

"Si unasema imepinda?"

"Nimesema imepinda, mimi?"

"Umeuliza. Mke wangu, tangu tuoane umeniuliza lini jambo nililolifanya vizuri? 'Nani kaacha taa inawaka?' Ni mimi. 'Nani kamaliza sukari?' Ni mimi. Ukianza kuuliza, mimi natafuta kosa. Nikilikosa, nafungua skrubu."

Mwalimu akacheka hadi akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Halafu kicheko kikakatika. Aliliona darasa lake, dawati kwa dawati. Mtoto aliyepata aliambiwa vizuri, keti. Aliyekosa ndiye aliyeulizwa: umepataje, una uhakika, hebu tazama tena. Hata mtoto mdogo hujua moto kwa moshi wake. Kifutio hakuwa akisikia swali. Alikuwa akisikia hukumu.

"Irudishe, baba watoto. Ilikuwa sawasawa. Nilitaka kujua tu."

"Sasa ndiyo unaniambia," mume akasema, amepiga magoti, "na skrubu moja imeshaingia nyuma ya jiko."

Kesho yake mwalimu aliweka chaki mezani kabla ya kuandika chochote. "Kuanzia leo nitamuuliza kila mtu. Aliyepata na aliyekosa, kwa maneno yaleyale na uso huuhuu. Swali langu si kiboko. Nauliza kwa sababu vichwa vyenu havina madirisha, nami nataka kuona mlivyofikiri."

"Hata mimi niliyepata?" Profesa akauliza.

"Hata wewe. Mbili na mbili?"

"Nne."

"Umejuaje?"

Profesa akafungua kinywa, akakifunga, akatazama dari. "Ni... tano?"

Darasa likaangua kicheko, na safari hii Kifutio alicheka kwa raha zake.

Kuuliza hakukuwa kugumu. Kilichomshinda mwalimu ni kungoja. Alikuwa na mazoea ya kuuliza na kujijibu mwenyewe, kama mtu anayebisha hodi na papo hapo anajikaribisha. Akajifunza kuuma ulimi. Akauliza, akanyamaza, akasikiliza inzi wakigonga kioo, na ajabu yake, mara nyingi jibu lilikuja likiwa limechelewa kidogo, kama mgeni aliyepotea njia.

Alhamisi akaurudia ule uzio. Akainama kwenye dawati la Kifutio.

"Hesabu hii inakukumbusha nini nyumbani kwenu?"

Mkono ukapanda shingoni. Mwalimu akangoja. Mkono ukashuka.

"Kuanika, mwalimu."

"Enhe?"

"Kwetu vibanio ni vichache. Kwa hiyo mashuka tunayashikanisha ncha, kibanio kimoja kinabana mawili. Shuka moja, vibanio viwili. Mashuka mawili, vitatu. Kinazidi kimoja siku zote, cha kule mwisho."

"Na nguzo je?"

"Nguzo ndiyo kibanio. Shuka ni zile mita mbilimbili."

Profesa, ambaye shingo yake ilikuwa imegeuka muda mrefu, akatazama kumi yake. "Kifutio," akasema polepole, "niazime kifutio."

Ijumaa viatu vikasikika. Darasa likasimama, likaamkia, likaketi. Mwalimu mkuu hakupoteza muda.

"Haya, binti. Tunataka kuzungushia bustani yetu uzio," alisema, na mara hiyohiyo akaanza kusoma swali alilokuja nalo, "uzio wa mita ishirini, nguzo kila baada ya mita mbili. Nguzo ngapi?"

"Kumi na moja," Profesa akanong'ona, akitaka kumwokoa.

Kifutio alisimama. "Mwalimu mkuu, umesema uzio unazunguka? Mwisho wake unakutana na mwanzo?"

"Ndiyo. Mifugo isiingie."

"Basi ni kumi."

Minong'ono ikapita darasani. Mwalimu mkuu akakunja uso. "Wenzako wanasema kumi na moja. Una uhakika?"

Mkono ukapanda. Vidole vikakishika kile kipande kilichobaki kwenye uzi. Mwalimu, ukutani, alikuwa na neno mdomoni, akaliuma hadi likauma. Kifutio akamtazama mwalimu mkuu usoni, kama mtu anayetazama wingu kabla ya kuanika.

"Samahani, mwalimu mkuu. Unauliza kwa kuwa nimekosa, au unataka kujua?"

Mwalimu mkuu akavua miwani. Huenda hajawahi kuulizwa hivyo. "Nataka kujua," akasema, na ilionekana kweli anataka.

Kifutio akaachia uzi, akaenda ubaoni, akachora duara na vijiti kumi vya nguzo. "Kamba ikinyooka, kibanio cha mwisho kinazidi. Ikizunguka, shuka la mwisho linarudi kubanwa na kibanio cha kwanza. Hakuna kinachozidi."

Mwalimu mkuu akalifuata duara kwa kidole, nguzo hadi nguzo, midomo ikihesabu bila sauti. Alipomaliza, ncha ya kidole ilikuwa nyeupe kwa chaki.

"Abaki," akasema. Kisha akamgeukia mwalimu. "Na wewe, umemfundishaje huyu?"

Damu ikampanda mwalimu usoni. Samahani ilikuwa tayari kwenye ulimi: kwamba amechelewa mada mbili, kwamba siku hizi darasa lake lina kelele. Macho yake yakakutana na ya Kifutio, aliyekuwa amerudi dawatini na kukunja mikono, anangoja, bila kumharakisha.

"Keti, mwalimu mkuu," akasema. "Ni habari ndefu kidogo. Inaanzia kwenye rafu."

Na mwalimu mkuu akaketi kwenye dawati la mtoto, magoti yamemfika kifuani.