Mwisho Chini ya Kalenda

Liwliwa alikuwa na hadithi kumi na moja za marehemu babu yake, na siku mbili tu za kuipata ya kumi na mbili. Mchapaji alishasema: kumi na mbili, la sivyo hakuna kitabu. Babu huyo, Mzee Anselmo Dacuycuy, aliziandika kwa Kiilokano, lugha ya kaskazini mwa Ufilipino, kwa miaka arobaini, akizituma kwa gazeti la kila wiki, na hakuweka nakala hata moja. Kabati lake lilikuwa majirani: walikata kurasa wakazibandika kwa uji wa mchele kwenye kuta za mianzi, kuzuia upepo.

Ya kumi na mbili ilikuwa jikoni kwa Bibi Petronila. Tuseme nusu yake. Nusu ya chini ilifunikwa na kalenda ya duka la dawa, ya mwaka ambao mama yake Liwliwa alikuwa bado ananyonya.

"Kalenda haitoki," alisema Bibi Petronila, akikata biringani kama anaidai. "Babu yako alinianika mbele ya mji mzima."

"Bibi, si aliandika tu 'msichana mmoja'?"

"Msichana mmoja mwenye pengo na chogo! Tuko wangapi hapa?"

Kosa lenyewe kila mtu alilijua. Kwenye msiba wa Mzee Fermin, Petronila wa miaka kumi na mitano alikula suman, wali mtamu wa nazi uliofungwa kwenye jani la mgomba, aliowekewa marehemu dirishani. Chakula cha marehemu hakiguswi. Yeye alikimaliza, akaramba na jani.

"Na mwisho unasemaje?"

"Nitajuaje? Nilifika penye kuramba jani, nikabandika kalenda."

"Yaani miaka yote umemnunia babu kwa nusu hadithi?"

"Nusu ilinitosha!"

"Mimi nasema mwisho ni mzuri. Babu hakuwa mtu wa kumwacha mwenzake njiani. Nikikosea, nakuoshea nguruwe wako mwezi mzima."

Bibi alimfikiria yule nguruwe. Akaachia njia.

Liwliwa aliipua sufuria ya wali, akaishika kwa matambara chini ya kalenda. Mvuke ukaulainisha uji wa zamani, kalenda ikajikunja, ikadondoka. Akasoma kwa sauti:

"Mjane aliliona jani tupu, akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba uingie. 'Afadhali,' akasema. 'Mume wangu hakupenda vitamu, na mimi sikuwa na moyo wa kuvitupa. Mpelekeeni msichana vingine viwili.'"

Kisu kilisimama juu ya biringani.

"Mjane aliniletea kweli," alisema Bibi Petronila taratibu. "Viwili. Nilidhani ananisuta, nikawapa kuku."

Liwliwa aliubandua ukurasa, umelowa lakini mzima. Ya kumi na mbili. Alipogeuka, Bibi alikuwa ametoa suman mbili kapuni, akaziweka kwenye sahani dirishani, za marehemu Mzee Anselmo. Akaitazama kidogo. Kisha akachukua moja, akaifungua, akauma.

"Bibi! Babu alizipenda hizo!"

"Basi na aje aniandike tena."