Koti la Baba Samira

Bastola ilipoletwa nyumbani sikuiogopa sana, kwa sababu kifyatulio chake kilikuwa kigumu. Mume wangu, Mudathir, aliinunua kwa kibali halali baada ya wezi kumvamia akitoka Masakta kununua alizeti. Bondeni nje ya Katesh alijaribu kulenga debe. Kila alipokivuta kwa nguvu bastola iliyumba, na debe likabaki zima.

"Debe lina dawa hilo," nilimtania.

Hakucheka. Aliipeleka bastola Tlawi ikalegezwe na Bura, fundi wa cherehani na baiskeli, ambaye hana ruhusa ya kugusa silaha. Iliporudi, Mudathir aliniwekea mkononi ikiwa tupu, bila risasi.

"Vuta, mama Samira."

Niligusa tu. Ikalia kabla sijajua kama nimevuta.

"Umeona ulaini huo? Bura anasema sasa hata mgonjwa wa kitandani anafyatua."

Kweli, debe likatoboka. Sokoni wakamwita Komando, naye akatembea kifua mbele. Mimi usingizi ukanihama.

Kwetu baba akirudi, mtoto humpokea. Samira, binti yetu, hupiga goti, "Shikamoo baba," kisha hupokea koti kwa mikono miwili na kulikumbatia mpaka kwenye msumari chumbani. Ndivyo tulivyomfundisha, cha mkubwa hakipokelewi kwa mkono mmoja. Bastola hukaa mfuko wa ndani wa koti hilo. Pipi za Samira nazo hukaa humo humo.

Alhamisi ile nilimwona anatembea na koti kifuani, vidole vinaminyaminya kitambaa kutafuta pipi. Sikupiga kelele. Niliogopa asije akashtuka.

"Samira, simama hapo. Legeza mikono, mwanangu. Mama anakuja."

Nililichukua koti polepole. Mdomo wa bastola ulikuwa umeelekea kidevu chake.

"Mbona unamtisha mtoto?" Mudathir aliuliza.

Nikamweleza. Nikamwomba airudishe ilivyokuwa.

"Ili niuawe njiani? Basi, nitakuwa naitoa mlangoni."

Kesho yake asubuhi aliondoka na koti, akarudi kuoga kwa ajili ya sala ya Ijumaa. Samira akalipokea. Bastola ilikuwa ndani.

Alipokwenda msikitini bila koti niliitoa, nikaifunga kwa kanga, nikaiweka kwenye kikapu. Sikujua kutoa risasi. Nilitembea mpaka polisi nikiwa nimekishika kikapu mbali na tumbo, nikiomba nisijikwae, nisikutane na mtu wa kunikumbatia. Askari alitoa risasi, akaijaribu ikiwa tupu, kisha akauliza nani ameichezea. Nikamtaja Bura. Nikamtaja na mume wangu. Kibali kikazuiwa, na bastola pia.

Jumapili akaja shemeji Idrisa, mkubwa wa ukoo. Samira akamsalimia mlangoni, akapokea koti lake, akalikumbatia. Mudathir aliinuka ghafla kwenye kiti, mkono mbele. Kisha akakumbuka koti ni la nani, akakaa.

Idrisa hakuona. "Shemeji, umemdhalilisha ndugu yangu mbele ya askari. Wezi wakimrudia, atajikinga kwa kitu gani? Mwombe radhi tuyamalize."

"Shikamoo yako naitoa kila siku, shemeji, na leo nimeitoa. Wezi nami nawaogopa." Nilimtazama Mudathir. Alikuwa anatazama mlango wa chumbani. "Lakini radhi siombi. Si leo, wala siku nyingine."