Mguu wa Kulia wa Jeanine Nshobole

Alhamisi ya mwisho ya mwezi wa pili, saa nne asubuhi, wanafunzi wa mwaka wa tatu wa elimu ya viungo walikuwa uwanjani wakipimana mapigo ya moyo. Walikuwa wamekimbia mizunguko mitano juu ya changarawe nyeusi ya volkano. Sasa kila mmoja alishika kifundo cha mkono cha mwenzake, akahesabu kwa sekunde kumi na tano, akazidisha kwa nne. Jeanine Nshobole hakukimbia. Alikaa kwenye tairi la lori lililozikwa nusu pembeni mwa uwanja, magongo yake mawili yamelala chini, akiandika namba ambazo wenzake walimtajia.

Mguu wake wa kulia uliingia kwa lango la kaskazini, ukampita mlinzi, ukafuata mstari wa chokaa ili usiwakatize wakimbiaji, ukasimama mbele yake.

Ulikuwa umevaa kile kile kiatu cha michezo cha buluu, na soksi iliyoshuka. Haukuja ukirukaruka. Ulipiga hatua, ukangoja kidogo, ukapiga nyingine, kama mguu ambao mwenzake yuko nyuma na unampa nafasi ya kufika. Udongo wa Rutshuru ulikuwa umeukaukia hadi kwenye goti.

"Umefika," Nshobole akauambia.

Wenzake waliendelea kuhesabu, kwa sababu mtu akikatizwa hesabu ya mapigo lazima akimbie upya.

Walikuwa wameachana mwaka mmoja na miezi mitatu kabla, huko Kalengera, upande wa Rutshuru, kwenye barabara kuu ya kaskazini. Nshobole alikuwa amepelekwa huko kwa staji, afundishe michezo katika shule ya sekondari. Siku ya nne mpira wa handiboli ulivuka mstari ukaingia shamba la mahindi. Aliwaambia wanafunzi wabaki, akaenda kuuchukua mwenyewe. Kitu kilichokuwa kimezikwa humo kililipuka. Aliyekizika hakujulikana. Kila aliyeulizwa alitaja kundi lingine la wenye silaha, na makundi yote yaliyotajwa yalituma pole. Mkuu wa shule aliuzika mguu nyuma ya kituo cha afya kwa sala fupi, na Nshobole akaletwa Goma juu ya godoro, nyuma ya gari.

Mama yake, Mama Mapendo, ambaye anauza vitenge Birere, aliuosha mguu kwenye beseni jioni ya Alhamisi hiyo ya kurudi na kuuliza mbona ulikawia. Habari za safari zilipatikana kwa wauza viazi wa Kibumba. Ulikuwa umetembea siku kumi na moja. Kwenye vizuizi vyote ulipitishwa bila maneno, kwa sababu haukuwa na mfuko wa kupekuliwa.

Daktari wa hospitali aliangalia kigutu, akaangalia mguu, akavipima kwa utepe. Alisema kigutu kilipona vizuri na ingekuwa vibaya kukifungua tena. Isitoshe, kwa kutembea kutoka Kalengera, mguu ulikuwa umeongeza sentimita mbili kwenye shavu.

"Hamulingane tena," alisema. "Mukae tu karibu karibu."

Wakakaa karibu karibu. Kwenye pikipiki mguu ulikaa katikati, kati ya Nshobole na dereva. Ukijigonga kwenye kizingiti, yeye ndiye aliyeuma midomo. Kabla ya hapo, kwa miezi yote ile, vidole asivyokuwa navyo vilikuwa vikimwasha na kumganda baridi, na mwalimu wake wa sayansi ya mwendo wa mwili, Assistant Léopold, alikuwa amelifundisha darasa kwa saa mbili kwamba maumivu ya kiungo kilichokatwa hutengenezwa na ubongo. Ikabainika kwamba siku zile mvua ilikuwa ikinyesha Kalengera. Léopold alisahihisha noti zake. Tangu juma hilo aliutumia mguu darasani, maana kitivo kilikuwa na mifupa ya plastiki peke yake, nayo ilikosa goti. Wanafunzi walipanga mstari kuugusa misuli. Mguu ulivumilia, isipokuwa chini ya unyayo.

Kilichokuwa kimebaki ni diploma. Kanuni ya kitivo, kifungu cha kumi na nne, inasema kila mtahiniwa wa elimu ya viungo afanye mwenyewe mbio za mita mia, mbio za mita elfu moja na mia tano, na kuruka mbali. Nshobole alikuwa wa kwanza katika masomo ya kuandika. Alipofundisha watoto kwa majaribio, walitii filimbi yake kuliko za wenzake wote. Mara mbili alikuwa ameomba apimwe kwa kufundisha badala ya kukimbia, na mara mbili sekretari wa kitivo, Papa Florent, alimshauri ahamie masomo ya utawala, ambako watu hukaa.

Safari hii alikwenda ofisini na mguu.

"Jambo, papa."

"Jambo, mama." Papa Florent alichungulia juu ya meza. "Na huyu? Iko na carte?"

"Ni mguu yangu, papa. Iko ndani ya dosie yangu tangu mwaka ya kwanza. Angalia karatasi ya docteur."

Papa Florent alifungua dosie. Karatasi ilisema: miguu miwili, hali nzuri.

"Njo vile," alisema. "Ifanye épreuve. Siko na sababu ya kukatala."

Mtihani ulifanyika mwezi wa sita. Mguu ulikimbia mita mia kwa sekunde kumi na tatu na nukta sita. Uliruka mita nne na nusu. Kwenye mbio ndefu ulikuwa wa tatu, nyuma ya vijana wawili. Muda wote huo Nshobole alikuwa kwenye tairi, jasho likimtiririka hadi kwenye mkanda wa suruali, akivuta pumzi kwa mdomo. Assistant Léopold alipiga magoti, akamshika mkono, akahesabu. Mapigo mia moja themanini na manne kwa dakika. Aliandika namba hiyo, akatia sahihi, akaipeleka kwa juri.

Matokeo yalibandikwa ukutani baada ya majuma mawili. Nshobole Jeanine: masomo, sabini na nane kwa mia, mazoezi, sifuri, kwa kuwa alionekana amekaa. Mstari uliofuata: Mguu wa Kulia: mazoezi, themanini na moja, masomo, sifuri, kwa kuwa haukuandika. Wote wawili walikuwa wameanguka.

Alirudi ofisini.

"Mimi njo nilikimbia, papa. Assistant alinishika mapigo. Cent quatre-vingt-quatre. Mutu mwenye kukaa hafikie pale."

"Ile karatasi niliisoma, mutoto yangu. Iko muzuri. Lakini kanuni haiseme moyo. Inasema kukimbia."

Papa Florent hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amebaki ofisini Jumamosi mbili akitafuta njia, na alikuwa ameipata. Kifungu cha ishirini kinamruhusu mtahiniwa mwenye ulemavu kuandikiwa na mtu mwingine.

"Mguu haina mikono," alisema. "Kwa hiyo iko na haki ya mutu wa kuiandikia. Session ya pili ni mwezi wa tisa. Nimeona wewe munajuana nayo."

Nshobole alitazama kioo cha dirisha nyuma ya Papa Florent. Alitaka kukivunja kwa gongo, na alijua ni pigo gani lingetosha, bega likianza na kiwiko kikifuata. Akashika gongo vizuri.

"Tarehe ngapi?" aliuliza.

Mwezi wa tisa aliketi kwenye chumba cha mtihani, mguu kwenye kiti cha kushoto, na kuuandikia majibu yale yale aliyoyaandika mwezi wa sita. Mguu ulipata sabini na tisa. Alama moja ya ziada ilikuwa ya usafi wa kazi.

Siku ya kutoa diploma mguu ulipanda jukwaani ukiwa umefungwa utepe, na Nshobole akawa kwenye viti vya familia. Mama Mapendo alipiga vigelegele, kwa sababu ilikuwa damu yake. Nshobole alijikuta anapiga makofi. Akaacha. Kisha mguu ukageuza vidole upande wake na kusubiri hivyo, haushuki, hadi watu wa nyuma wakaanza kunong'ona. Akapiga tena.

Sasa mguu unafundisha elimu ya viungo katika shule moja ya Mabanga. Nshobole anakwenda nao kila asubuhi. Yeye anapiga filimbi, anaeleza, anasahihisha migongo iliyopinda, mguu unaonyesha. Kwenye orodha ya walimu ameandikwa "msindikizaji". Wanafunzi wanawaita wote wawili Madame.

Kitivo hakikugusa kifungu cha kumi na nne. Kiliongeza mstari mmoja kwenye fomu ya kujiandikisha: watahiniwa ambao kiungo chao hakijafika wanaombwa kungoja.

Mwezi wa kumi na moja Nshobole alikwenda kuchukua barua ya mguu ofisini. Mbele yake alikuwa msichana aitwaye Bénita, mchezaji wa voliboli kutoka milima ya Masisi. Mkono wa kushoto wa sweta yake ulikuwa mtupu, umekunjwa na kufungwa kwa pini juu ya kiwiko.

"Mkono yako iko njiani?" Papa Florent alimuuliza.

"Sijue, papa."

"Mguu ilitumiaka siku kumi na moja toka Kalengera. Mkono inatambaa, itachelewa. Kaa pale inje, ungoje."

Bénita akatoka, akakaa kwenye benchi. Nshobole alipopata barua yake alimfuata, akasogeza magongo, akakaa kando yake. Mguu ulisimama mbele yao.

"Waliizika wapi?" Nshobole aliuliza.

"Hawakuizika. Tulikimbia."

Wakakaa wakitazama lango. Saa sita Papa Florent alitoka kwenda kula, akafunga ofisi kwa ufunguo, akawakumbusha kwa upole kwamba maandikisho yanafungwa Ijumaa.