Unga wa Wanawali

Ruangwa nzima hakuna aliyemshinda Mwamini wa Nandagala kwa kujua mambo ya kiini cha atomi. Ni kweli pia kwamba mwaka huo wa 1958 Ruangwa nzima hakuna mwingine aliyewahi kulisikia neno lenyewe.

Yeye alilisikia Nachingwea, kwenye nyumba zilizoachwa na Wazungu wa ule mradi wa karanga uliokufa, alikokuwa akimpikia Mwalimu Linus. Mwalimu alipata gazeti la sayansi kutoka ng'ambo, na wiki nzima ugali ukawa unapoa mezani. Gazeti lilisema kiini si kama korosho, yenye ganda na mwisho wake. Chaji yake inafifia polepole kuelekea pembeni, wala haikutandaa kama hesabu ya chembe mojamoja inavyotaka. Kwa nini?

"Unyagoni, wasichana wakichezwa, usingeuliza," Mwamini alimwambia, ungo mkononi. "Mwanamwali kapakwa unga, kungwi wake hakupakwa. Kila mtu angecheza peke yake, weupe ungekaa sawasawa. Lakini kungwi anamshika wake, wanavutana, wanarushana mpaka pembeni. Wanawali wenyewe kwa wenyewe wanakwepana. Tazama kwa mbali: weupe hauna ukingo."

Linus akaacha kutafuna. "Mama Zena!" Ndivyo alivyomwita, kwa jina la binti yake. "Protoni yenye chaji na nyutroni isiyo nayo! Zinashikana mbilimbili!"

Papo hapo akaapa. Mkaguzi wa elimu akija, atamtaja Mwamini kwa jina, apate ile nafasi moja ya wanawake ya kusomea kufundisha watu wazima.

Siku ya mkaguzi ikafika, ukumbi wa shule ukajaa, wanawake wa Nandagala wamekaa nyuma. Linus akachora duara ubaoni, akaeleza unga, makungwi, kurushana, neno kwa neno. Mkaguzi, Mzungu mwenye Kiswahili cha kuagizia chai, akauliza mfano huo kautoa wapi.

"Wangu mwenyewe, bwana. Niliuona kwa macho yangu, unyagoni Nandagala."

Damu ikampanda Mwamini. Sifa angemwachia, azipake kwenye mkate. Lakini ile nafasi ndiyo iliyokuwa njia yake ya kutoka jikoni, na mtu aliyelishwa naye miaka mitatu kaifunga huku anatabasamu. Akasimama.

"Unyago upi huo, Mwalimu?"

"Wa mwaka jana. Kaa chini, Mama Zena."

"Sikai! Ulikuwa nje au ndani?"

"Ndani. Mbele kabisa."

Wanawake wa nyuma wakaguna. Bibi Mwanawetu, kungwi mkuu wa Nandagala, akajikongoja mpaka katikati.

"Mlangoni nilikaa mimi, na panga," akasema. "Mwanamume hakupita hata mmoja. Au na wewe mwanangu tulikucheza, tukasahau kukupaka unga?"

Ukumbi ukalipuka kwa vicheko. Mwamini hakucheka. Alimkazia macho Linus mpaka kelele zikaisha.

Mkaguzi akageuka. "Mwalimu, wanaume wanaingia huko?"

Linus akaitazama chaki mkononi.

"Hapana, bwana."

"Basi nani aliona?"