Kipimo cha Pamba

Mke wa mwokaji hakumpenda yule nesi tangu alipokanyaga kizingiti. Mgeni mwema husalimia watu kwanza, ndipo macho yatembee. Huyu macho yalitangulia, yakatua moja kwa moja kwenye baka jeupe mkononi mwa mume wake.

"Si alishakuja mwenzako?" mke aliuliza, akifuta meza iliyokwisha futwa. "Akasema ni fangasi. Tukapewa dawa ya kupaka."

"Ndiyo, alikuja. Mimi kazi yangu ni kurudia alikopita yeye. Ugonjwa huu ukipimwa majumbani una hila, dada. Mmoja anaona ukoma, mwingine anaona mba. Na kama ni ukoma, msiogope. Dawa ni bure, na mkono ukiwahiwa unapona."

Ndivyo wasemavyo wote, mke aliwaza, na akatupa jicho dirishani, pale wateja wanaponunulia mikate. Neno kama hilo likitoka nje asubuhi, jioni mikate imelala kwenye trei. Wateja wenyewe walikuwa wamempachika mumewe jina, Mikono ya Chuma, kwa kuwa hutoa trei za moto tanurini bila kitambaa. Walicheka na kumsifu. Mke alikuwa ameacha kucheka siku nyingi.

"Nahisi, mama watoto," mumewe alimwambia siku alipomuuliza kama anahisi moto. "Ila kidogo tu." Naye akaamini. Mtu asipomwamini mumewe, amwamini nani?

Siku ya kipimo cha kwanza mke aliketi kando ya mumewe amemshika mkono wa kushoto, eti kumtia moyo. Mpimaji alimfumbisha macho mwokaji, akamgusagusa mkono wa kulia kwa pamba, naye aseme "ndiyo" kila akiguswa. Kila pamba ilipotua kwenye lile baka jeupe, mke alimfinya. Hawakuwahi kupanga, wala hawakulizungumza baadaye. Huo si uongo, mke alijiambia. Ni kumsaidia tu mtu anayehisi kidogo.

Nesi alipapasa kiwiko cha mwokaji, akapapasa na cha pili. "Huu mshipa wa fahamu naona kama umenenepa," alisema. "Mwenzangu aliuona wa kawaida. Vidole vyetu vinabishana, basi tuiulize ngozi. Fumba macho, baba. Nikikugusa sema ndiyo."

Mke akakaa mahali pake, akamshika mumewe mkono wa kushoto.

"Ndiyo," mwokaji alisema. "Ndiyo. Ndiyo."

"Unajibu vizuri sana, baba. Hata mimi nisiye na baka ningekosa mahali."

Mke alimkata jicho. Huyu mwanamke anatafuta nini? Kuna watu hawalali mpaka wamwone mwenzao mgonjwa! Akaikazia macho ile pamba asije akapitwa.

Pamba ilishuka haraka kwenye baka. Mke akafinya.

"Ndiyo," mwokaji akasema.

Pamba ilikuwa imesimama hewani, upana wa kidole juu ya ngozi. Haikugusa kitu.

Wanawake wawili wakatazamana. Nesi hakufoka, na bora angefoka. Aliinua kidevu tu, akionyesha ile mikono iliyoshikana, na mke akaachia kwa aibu.

"Mbona umeniacha?" mwokaji aliuliza.

"Mkono unanitoka jasho," mke alijibu.

Nesi akaanza upya. Alipitisha pamba kwenye baka, kimya. Akateremka nayo ukingo wa kiganja mpaka kidole cha mwisho, kimya. Akaiweka kando, akachukua kalamu, akakandamiza ncha yake mpaka ngozi ikabonyea. Mke alibana pumzi akingoja "ndiyo" hata moja, hata ya kubahatisha. Kidogo tu, alisema! Alimdanganya yeye, au alijidanganya mwenyewe? Na yeye, mke mwenye mapenzi, alikuwa amemfinya mumewe mpaka akamkosesha dawa. Machozi yalimlenga, na safari hii hakumshuku mtu mwingine.

Nesi alikandamiza tena, penye kidole gumba, polepole, ili mke aone vizuri.

Uso wa mwokaji ulikuwa umetulia.

"Dada," alisema kwa upole, macho bado ameyafumba, "mimi niko tayari. Utaanza lini?"