Harusi Nne Ndani ya Flopi Moja

Wiki tatu nzima Asajile alizunguka Makandana na flopi moja, diski ndogo ya kompyuta, kwenye mfuko wa shati, akimwonyesha kila aliyesimama kumsalimia.

"Humu ndani," alikuwa akisema, "mna harusi nne, kipaimara kimoja na msiba wa watu mia sita. Na nafasi imebaki."

Watu waliitikisa flopi masikioni kusikia kama msiba unalia. Asajile akazidi kuvimba kichwa.

Ilikuwa hivi. Kompyuta yake ya kueditia video, aliyoileta kutoka Dar kwa basi akiwa ameipakata kama mtoto mgonjwa, ilijaa. Diski ikawa haipokei hata picha ya kuku. Asajile akaamua kuzihifadhi kazi zilizokwisha na kuzifuta ndani. Akanakili mafaili ya projekti kwenye flopi, yakaingia yote kwa dakika moja. Mwingine angejiuliza imekuwaje harusi ya kutwa nzima iwe nyepesi kuliko barua ya posa. Yeye, aliyejifundisha kompyuta kwa kitabu kisicho na jalada, alijiona bingwa tu. Akafuta kila kitu. Kanda za kamera zenyewe alikwisha kurekodi kwaya juu yake.

Siku aliyogundua ukweli, studio ilikuwa imejaa watu na mlango umezibwa.

Aliyeuziba alikuwa baba mkubwa Godwin, mtu wa mabega mapana, aliyeketi kwenye stuli akiuegemea kwa mgongo. Upande wake alisimama Lusungu, mtoto wa mdogo wake, bwana harusi wa mwaka jana. Kwenye kiti kizuri aliketi mzee Ambwene wa Kinyala, baba wa bibi harusi, kofia magotini. Agness mwenyewe, mimba ya miezi saba mbele yake, alikaa kwenye boksi la kompyuta. Nje mvua ilinyesha namna ambayo samaki wa Ziwa Masoko wangeweza kupanda mpaka sokoni bila kuvuliwa.

Shauri lilikuwa ng'ombe wa tatu wa mahari. Godwin aliapa alimpeleka kwa mkono wake. Ambwene aliapa hakumwona, na miezi mitatu sasa alikuwa amemrudisha binti nyumbani. Mshenga, ambaye angewaamua, alifariki Pasaka. Kwenye filamu ya harusi ng'ombe hakuwemo, kwa sababu Asajile alimkata mwenyewe: nani anataka kutazama ng'ombe akishuka kilima dakika ishirini?

"Lakini picha zote za mwanzo anazo," Godwin alisema. "Ametangaza mji mzima."

"Basi atuonyeshe," alisema Ambwene. "Ng'ombe akionekana, mchukue mkeo leo hii. Asipoonekana, mtoto atazaliwa Kinyala, na wewe Lusungu tafuta kwingine."

Asajile akaingiza flopi. Mashine ikakoroma. Projekti ikafunguka, majina ya vipande yote yamejipanga vizuri, na juu ya kila kipande maandishi mekundu: picha haipatikani. Akabonyeza cha pili. Chekundu. Cha kumi. Chekundu. Hapo ndipo alipoelewa kwamba alikuwa amehifadhi orodha ya wageni, wageni wenyewe akawachoma moto.

"Mbona pekundu?" Ambwene aliuliza.

"Inapata moto, tata," Asajile alimjibu kwa heshima ya mtoto kwa baba.

"Dakika kumi?"

Asajile akatazama dirisha. Lina nondo. Akatazama mlango. Godwin. Akamtazama Agness, naye Agness akimtazama kama mtu aliye kisimani anavyotazama kamba.

"Picha hazimo," alisema. "Nimezifuta. Lakini ng'ombe alikuja, tata, nilimwona kwa jicho la kamera."

"Mnasikia!" Godwin alijipiga paja.

Ambwene akacheka kwa pua. "Shahidi ndiye huyu? Huyu aliyesema amempiga picha nyoka wa Ziwa Ngozi akinyoa ndevu?"

Lusungu akainamisha kichwa. Kumbe siku Asajile aliyosema kweli, ilikuwa imekwisha kuliwa na siku nyingine zote. Asajile akaondoa vidole kwenye kibodi, akamgeukia mzee.

"Sawa, tata. Hukumpokea. Na ulifanya vema. Yule ng'ombe hata mimi ningemkana."

"Unasemaje wewe?" Godwin alifoka.

"Pembe moja. Mbavu unazipanda kama ngazi. Alipofika uani kwa mzee akapiga magoti kama anayesali. Nilizima kamera kwa aibu."

"Mwongo mkubwa! Ng'ombe wangu alikuwa mnene!"

"Majirani walicheka huko nyuma ya migomba," Asajile akaendelea, bila kumtazama mtu. "Wakasema, kumbe binti wa Ambwene ni wa hivi tu. Kumbe mzee anapokea chochote kinachotembea."

"Nani alicheka?" Ambwene alisimama, kofia ikaanguka. "Jirani gani? Mimi nipokee pembe moja? Yule alikuwa na pembe zote mbili, zimejikunja hivi, na asubuhi ya kwanza tu nilimkamua lita sita!"

Agness akamgeukia baba yake.

"Lita sita, baba?" Agness aliuliza polepole. "Umemficha wapi, na mimi miezi mitatu nakunywa chai ya rangi?"

Mzee akainama kuokota kofia. Agness akainuka kwa kujishika kiuno.

"Baba mkubwa, nipishe."

Godwin alisimama upesi kuliko alivyosimama mwaka mzima. Lusungu akavua koti, akamfunika mkewe, wakatoka wote watatu wakikanyaga maji bila kukwepa.

Asajile naye akachukua kofia yake mwenyewe, aondoke.

"Wewe kaa," alisema Ambwene, akarudi kitini. "Haya ya leo yameingia kwenye hiyo mashine?"

"Hayajaingia, tata. Haina masikio."

"Wewe nikuamini? Fungua nione."

Asajile akafungua folda ya kwanza. Tupu. Ya pili, tupu. Mzee akasogeza kiti karibu, akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Endelea," alisema. "Zote."